Mwandishi Aliyenifikisha kwa Daktari

Juzi msichana mmoja wa kidato cha sita hapa Dodoma kanitumia ujumbe mrefu wa usiku wa manane. Unaanza na "Shikamoo dada" na ndani yake una maswali mawili: yule mwandishi ninayemsifia kila siku, anayeandika habari za vijana na afya ya akili, ni nani? Na yeye msichana mwenyewe, ambaye halali kwa mawazo, amwambieje mama yake? Nilimjibu kwa kifupi. Ila wasomaji wangu nawajua, ni watu wa vitabu, na wengine mna miswada mmeificha chini ya godoro mkisubiri siku yenu, kwa hiyo acha niseme yote.

Anaitwa John Green, Mmarekani, mzaliwa wa 1977. Wengi mnamjua kwa The Fault in Our Stars ya 2012, ile ya vijana wawili wenye saratani iliyoliza watu dunia nzima. Mimi nilianzia kwingine, kwenye Turtles All the Way Down, riwaya ya 2017, niliyoikuta mjini kwenye meza ya muuza vitabu vya mtumba, imebanwa kati ya kitabu cha Biolojia na mwongozo wa ufugaji wa kuku. Niliisoma nimesimama mpaka mwenye meza akaniuliza, "Sista, unanunua au unasoma?"

Mhusika mkuu, Aza, ana miaka 16. Kwenye kidole chake cha kati kuna kidonda kisichopona, kwa sababu mwenyewe hukifungua kwa ukucha wa kidole gumba. Anakamua, anapaka kitakasa mikono, anabandika plasta mpya. Muda si mrefu akili inamwambia hujasafisha vizuri, rudia. Anaogopa bakteria fulani wa tumboni mpaka kumbusu kijana anayempenda kunamtia hofu. Na anajua kabisa kwamba hofu hiyo haina msingi, ila kujua hakumsaidii kitu. Niliposoma hapo nikatoa hela.

Maana nilisoma bweni, na jina la shule silitaji. Maji yalikuwa ya zamu, na ndoo moja ndiyo ya kuogea, kufulia na kupigia mswaki. Mimi nilikuwa naamka kabla ya kengele kunawa mikono, nakausha, nagusa kitasa cha mlango, narudi kunawa, mpaka ndoo inabaki nusu. Julai, upepo wa Dodoma unapokausha ngozi ya kila mtu, vifundo vyangu vya vidole vilipasuka na madaftari yangu yakawa na madoa ya damu pembezoni. Matroni akaninyang'anya mche wa sabuni mbele ya bweni zima, akasema nikiendelea hivyo atanipeleka Mirembe mwenyewe kwa mguu.

Ninyi wa mikoa mingine huenda hamjui uzito wa neno hilo huku kwetu. Mirembe ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, ipo tangu 1927, na mtoto wa Dodoma hutishiwa nayo kabla hata hajajua iko upande gani wa mji. Tangu siku ile jina langu likawa hilo. "Mirembe, uji tayari." "Mirembe, umeitwa ofisini." Baadhi ya wale wenzangu leo hunitumia salamu za sikukuu. Huwa nazijibu, ila kesho yake.

Chuo nakiruka. Nilijificha vizuri na nikafaulu vizuri, wanaoyajua matokeo yangu wanayajua.

Sasa, kilichonishika kwa Green ni kwamba anaandika kutoka ndani. Yeye mwenyewe anaishi na ugonjwa huu, madaktari wanauita OCD, yaani mawazo yanayojirudia bila kutaka na kukusukuma urudie vitendo vile vile, na amelisema hadharani. Mawazo ya Aza anayaeleza kama mstari unaojizungusha kuelekea ndani, na kila mzunguko unabana zaidi ya uliotangulia. Nilinakili aya hiyo kwenye daftari, chini yake nikaandika ya kwangu kwa Kiswahili, ndoo na kitasa na kila kitu, kisha nikalipeleka daftari kliniki, kwa sababu nilijua nikiambiwa nieleze kwa mdomo nitasema kichwa kinauma tu. Daktari akasoma kimya, akageuza ukurasa, akauliza, "Hii ya kitasa bado ipo?"

Nikiwa kwenye foleni niliangalia wenzangu. Bodaboda kapakata helmeti yake, mama kafunga kanga anagombana na simu iliyoisha chaji, kijana kavaa shati la ofisini lililopigwa pasi. Hao ndio "wa Mirembe" tuliotishiwa nao.

Tiba yenyewe haina miujiza. Ni mazungumzo, na mazoezi ya kugusa unachokiogopa bila kukimbilia bomba, kidogo kidogo, kwa kuongozwa na mtaalamu. Wengine hupewa pia dawa, zile zile zinazotumika kwa sonona, na huchukua wiki kadhaa kabla hujaona tofauti. Riwaya haifanyi kazi hiyo. Jamani, msijipime ugonjwa kwa riwaya! Nawaona mnavyosoma kurasa mbili na kujitangazia majina makubwa. Soma, weka alama panapokugusa, nenda hospitali.

Na riwaya hii ya Aza usiisome kwa pupa. Kisa cha tajiri aliyetoweka kingeweza kupunguzwa, ukikichoka ruka. Ila usiruke Daisy, rafiki wa Aza, anapolipuka kwa hasira kwenye gari na kumwambia amechoka, kwamba Aza anajifikiria yeye tu. Inauma kwa sababu ana haki kiasi. Na pale hospitalini Aza anapokunywa kitakasa mikono, pasome mchana, ukiwa na mtu karibu. Mwishoni haponi kabisa, anaendelea kuishi nayo, na mimi nilishukuru sana kwamba mwandishi hakunidanganya.

Kwa Kiswahili tunaye Kezilahabi. Kazimoto wa Kichwamaji, riwaya yake ya 1974, amevurugwa na mawazo yake mpaka anajiua, na sisi shuleni tuliulizwa "dhamira" tukaandika ukengeushi, yaani mtu kujiona mgeni kwenye jamii yake. Hakuna aliyetuuliza kama tunamfahamu mtu wa hivyo. Wenye miswada, pengo hilo mnaliona.

Mama sasa. Mdogo wangu, usianze na jina la ugonjwa, wala usimwambie umesoma kitabu. Mwambie, "Mama, silali, na nashindwa kusoma, naomba unisindikize hospitali." Jikoni panafaa kuliko sebuleni, mikono yake ikiwa na kazi. Akisema ni uvivu au simu, usibishane usiku huo. Kesho yake mpigie mama mdogo au shangazi yule asiye na makelele, umwambie maneno yale yale, na yeye ndiye aongee naye.