Profesa mwenye pepa 300 na mwenye 40, nimwandikie yupi?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa hapa Kigoma, nakaa Mwanga, nimemaliza digrii ya fizikia na nataka kuomba masta ya astronomia Afrika Kusini. Kuna maprofesa wawili nimewaona, mmoja ana pepa 300 (makala za utafiti) na h-indeksi 70, mwingine pepa 40 tu na h-indeksi 22. Kaka yangu yuko Tabora anasema hapo hakuna cha kuwaza, niende kwa mwenye nyingi. Hivi hizo namba zinahesabiwaje, na kweli huyo ndo anajua zaidi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umefanya vizuri kuuliza kabla hujatuma barua.

H-indeksi aliileta mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, mwaka 2005, na hesabu yake unaweza kuifanya kwa kijiti mchangani pale Kibirizi wanapoanika dagaa. Panga pepa za mtu kuanzia ile iliyotajwa sana na wenzake kushuka chini, tuseme anazo sita, zimetajwa mara 50, 18, 7, 5, 4 na 2. Kisha hesabu kushuka, ya kwanza, ya pili, ya tatu, na uishie pale ambapo pepa bado imetajwa angalau mara sawa na nafasi yake. Ya nne imetajwa mara 5, inatosha, ya tano imetajwa mara 4 tu, haifiki tano, basi h-indeksi yake ni 4. Sasa iangalie ile ya 50, hata ingetajwa mara 5,000 bado angebaki na 4 yake ile ile! Yani mtu mwenye kazi moja kubwa sana hiyo namba haimuoni.

Na watu hao wapo. Henrietta Leavitt alikuwa Harvard anapima nyota kwenye vioo vya picha, na mwaka 1912 kutokana na nyota 25 tu za Wingu Dogo la Magellan, ambalo ni galaksi ndogo jirani na yetu, akaonyesha kwamba nyota za aina ile, zinazong'aa na kufifia kwa zamu, kadiri inavyochukua siku nyingi kung'aa na kufifia ndivyo mwanga wake halisi ulivyo mkubwa, kwa hiyo ukihesabu siku zake unajua mwanga wake, ukilinganisha na unavyouona kwa macho unajua iko mbali kiasi gani. Kurasa chache tu, tena zikatoka kwa jina la bosi wake, Edward Pickering, japo aliandika kwamba maelezo yameandaliwa na Miss Leavitt. Mwanaastronomia Edwin Hubble alikuja kutumia kanuni hiyo hiyo kuonyesha kwamba Andromeda, galaksi nyingine, iko nje kabisa ya galaksi yetu. Hilo Wingu Dogo la Magellan hata wewe utaliona, mwezi wa 11 saa tatu saa nne usiku, zile siku za giza ambazo wavuvi wa dagaa wamejaa ziwani na taa zao, mvua ikikata sogea mahali pasipo na taa uangalie kusini, chini chini, utaona kama ukungu mdogo ambao hausogei.

Sasa namba kubwa nazo zinatoka wapi? Mara nyingi ni timu. Pepa ya 2016 ya LIGO, mradi wa Marekani wa kunasa mawimbi ya mvutano, iliyotangaza kuyanasa mawimbi hayo, ilikuwa na waandishi zaidi ya 1,000 na kila mmoja anaandikiwa saitesheni zote, yaani mara zote pepa ilipotajwa, hawagawani. Nyingine zinatajwa kwa sababu ni kifaa cha kazi. Mwaka 1998 Schlegel, Finkbeiner na Davis walitoa ramani ya vumbi la galaksi yetu, maana mwanga wa mbali ukipita kwenye vumbi unafifia na kuwa mwekundu, kama jua la jioni la kiangazi hapa kwetu, na kila anayepima galaksi inabidi arekebishe, ndo maana imetajwa zaidi ya mara 10,000. Wanastahili kabisa, ila namba inakwambia wangapi wameitumia, haikwambii nani anajua zaidi.

Kwa hiyo usiishie kwenye jumla. Ingia ADS ya NASA, ghala la mtandaoni la pepa za astronomia, ni bure, ukiweka alama ya ^ mbele ya jina la ukoo inakuletea pepa ambazo mtu huyo ni mwandishi wa kwanza, na kuna sehemu inagawa saitesheni kwa idadi ya waandishi. Huyo wa 300 akibaki na chache sana ujue nyingi ni za timu, sio vibaya, ila ujue.

Halafu angalia wanafunzi wake, mimi hapa ndo napajali kuliko pote. Jocelyn Bell mwaka 1967 alikuwa mwanafunzi Cambridge, anasoma karatasi za darubini ya redio kama mita 30 kila siku kwa macho yake, ndo akaona alama ndogo ya ajabu, ikawa pulsa ya kwanza, nyota inayozunguka kwa kasi na kutuma mipigo ya redio. Kwenye pepa ya 1968 jina lake likawa la pili kati ya matano, msimamizi wake Hewish akawa wa kwanza, na Nobeli ya 1974 wakapewa Hewish na Martin Ryle, mkuu wa kundi lao la redio, Bell hakupewa. Inaniuma mpaka leo.

Fungua pepa tano za karibuni za kila profesa, tafuta zile alizoandika na wanafunzi wake wa masta na PhD. Ukikuta jina la mwanafunzi liko mbele na la profesa limefuata nyuma, mwandikie huyo kwanza, hata kama ni yule wa pepa 40.