Tawakkul na jaketi okozi ziwani

SWALI: Assalamu alaykum sheikh. Navua dagaa hapa Mwanza. Majaketi okozi yapo mtumbwini, ila tumeyakunja tunayakalia. Nahodha anasema aliyetawakali havai, na husoma: "Na anayemtegemea Mwenyezi Mungu, Yeye humtosha." Je, ndiyo maana ya tawakkul?

JIBU: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Siyo. Aya ni haki, ila nahodha ameikata. Ni ya 3 katika Suratut Talaq, na mwisho wake inasema Mwenyezi Mungu amekwisha kukiwekea kila kitu kipimo chake. Maji kumzamisha mtu ni katika vipimo hivyo, na jaketi kuelea ni katika hivyo hivyo. Tena tazama kilichotangulia: waumini wameamrishwa katika talaka wahesabu eda (muda wa mke kungoja), wasimamishe mashahidi wawili waadilifu. Wamepewa kazi kwanza, ndipo wakaahidiwa kutoshelezwa.

Tawakkul ni ibada ya moyo: kumwachia Allah matokeo, huku viungo vikishughulika na sababu. Wengi huleta hadithi ya kumfunga ngamia kwanza, ndipo kutawakali. Mimi hunigusa zaidi Nabii Yaaqub, Suratu Yusuf aya ya 67. Wanawe wanakwenda Misri. Anawaambia wasiingie kwa mlango mmoja, waingie kwa milango mbalimbali. Papo hapo anasema hawezi kuwafaa kitu mbele ya Mwenyezi Mungu, na kwamba Yeye ndiye anayemtegemea. Tahadhari na tawakkul ndani ya aya moja, na msemaji ni nabii! Mtume wetu (s.a.w.) naye siku ya vita vya Uhud alivaa deraya (vazi la chuma la kujikinga) mbili, moja juu ya nyingine. Nani atathubutu kusema tawakkul yake ilipungua?

Ila anayevaa jaketi akaona limemtosha, naye tawakkul imemponyoka. Vaa, na moyo ubaki kwa Mola.

La nahodha ni zito zaidi, kwa kuwa roho za watu ni amana mikononi mwake. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, na anayetumbukia saa hizo haonekani upesi. Aya ya 195 ya Suratul Baqara, inayokataza kujitia katika maangamizi, imekuja katika mazungumzo ya kutoa mali, lakini wanavyuoni huitolea hoja hata katika hatari kama hii. Zungumzeni naye kwa adabu mkiwa nchi kavu. Lako livae kabla injini haijawashwa. Hilo halihitaji ruhusa yake.