Mamba wa India mwenye mdomo wa chuchunge

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mvuvi wa Kitaya, Mtwara, kando ya Ruvuma. Nimeona kwenye runinga mamba wa India, mdomo mwembamba kama wa samaki chuchunge, wakasema anakaribia kwisha. Mbona hawa wetu hawamaliziki, na wanakamata watu? Yule kapungukiwa na nini?

JIBU: Marahaba. Huyo ni ghariali. Jina limetokana na ghara, yaani mtungi kwa Kihindi, maana dume akikomaa huota nundu ya duara kwenye ncha ya pua. Zamani alienea kuanzia mto Indus, Pakistani, hadi Myanmar. Leo ngome yake kubwa ni mto Chambal, India, na wachache wako Nepali. Tangu 2007 amewekwa katika daraja la viumbe walio hatarini kabisa.

Wa kwenu hachagui: samaki, mbuzi, nguruwe pori, hata mtu. Dimbwi likikauka, hujiinua kwa miguu minne akaenda kutafuta jingine. Ghariali mzima, ambaye dume huweza kupita mita 5, hawezi kuinua tumbo. Nchi kavu hujikokota kama mtumbwi unaoburutwa ufukweni. Kwa hiyo anataka maji ya kina yenye samaki, na fungu la mchanga papo hapo. Juu ya mchanga huo huota jua, na mwezi wa Machi au Aprili jike huchimba shimo akataga, ili vifaranga watoke kabla mvua kubwa hazijafurisha mto.

Sasa mchanga huohuo ndio wajenzi wanaoutaka. Matrekta huuchota, na unaosalia hulimwa matikiti. Huko juu kuna mabwawa: yakizuia maji wakati wa kiangazi, vina vya maji hupotea, yakifunguliwa ghafla, viota huzama.

Halafu nyavu, na hapa utanielewa kuliko wengi. Mdomo ule wenye meno zaidi ya 100 ni hodari wa kudaka samaki, lakini ukigusa jarife umekwisha. Meno hunasa, naye anapumua hewa kama sisi, anakufa maji. Wako wavuvi wanaomkata mdomo ili kuokoa wavu. Ni ukatili, ingawa bei ya wavu naijua.

Majira ya baridi ya 2007 kuingia 2008, zaidi ya 100 walikufa Chambal, figo zimeharibika; sumu ndiyo iliyoshukiwa. India imekuwa ikiangua mayai na kurudisha watoto mtoni tangu 1975. Kwa maoni yangu, kumwaga watoto kwenye mto uliochotwa mchanga ni kupanda mpunga juu ya mwamba.

Na wa Ruvuma naye hufukia mayai kwenye kingo za mchanga, wakati wa kiangazi. Mkimwona jike amekaa mahali pamoja siku nyingi bila kukimbia mtumbwi, msimsogelee wala msichote mchanga hapo. Analinda kiota, na wakati huo ndipo anapokuwa mkali.