Ombaomba wa zamani vijijini Ireland, ninavyosimuliwa na wazee

Mkuu umeuliza kama kweli zamani huku Ireland ombaomba walikuwa wanalishwa na kulazwa ndani au ni stori za kupamba. Mimi nahudumia wazee Mayo, upande wa magharibi, na shifti za usiku ndo wanafunguka. Ni kweli kabisa.

Mzee mmoja mkulima ananiambia utotoni kwao kuna baba alikuwa anapita kila mwaka baridi ikikaribia, koti kalifunga na kamba kiunoni, gunia begani, anasukuma mlango anasema Mungu awabariki wote mliomo humu. Mama wa nyumba hamhoji, anamsogeza kwenye moto, anampa viazi na mtindi, usiku anamtandikia majani makavu palepale jikoni, asubuhi majani yanachomwa sababu ya chawa. Na yule baba hakula bure, aliwaombea marehemu wa nyumba ile mmoja mmoja kwa majina, tena kashaleta habari zote za njiani, nani kafa, nani kaoa, ng'ombe wanauzwaje mnadani.

Na waliokuwa wanatoa ni maskini wenyewe! Tume ya serikali iliyochunguza umaskini wa Ireland 1833 hadi 1836 ilisikia hivyohivyo, wakulima wadogo ndo wanatoa, tena viazi, sio hela. Kiangazi viazi vya zamani vimeisha vipya bado, baba wa nyumba kavuka kwenda Uingereza kuvuna, mama anafunga mlango anachukua watoto anaenda kuomba mbali, majirani wasimuone. Anayempa anajua mwakani zamu inaweza kuwa yake. Ikaja njaa kubwa iliyoanza 1845, viazi vikaoza, wakafa watu kama milioni 1, aliyekuwa anatoa naye hana.

Wengine walitoa kwa kuogopa laana ya ombaomba, hilo nalo wazee wanalisema wazi.

Nadhani pensheni ya wazee ndo iliwasaidia wengi kuliko kitu chochote, ilianza 1909, shilingi 5 kwa wiki kuanzia miaka 70, mzee mwenye hela hiyo ndugu wanamtaka nyumbani. Ombaomba wakapungua, ila hadi utoto wa hawa wazee wangu bado walikuwepo.

Ukitaka kusoma zaidi, 1937 hadi 1939 watoto wa shule waliandika masimulizi ya wazee wa vijijini kwao, yapo bure kwenye tovuti ya Dúchas, hifadhi ya masimulizi ya kale ya Ireland, na hawa watu wa njiani wamo tele.