Kuota safari huku unamuuguza mzazi

Dada mleta mada, umeuliza kama kuna ubaya kuwaza safari za mbali wakati unamuuguza baba yako na huwezi kutoka nyumbani. Umeeleza kwamba kaka yako anaziita ndoto za Alinacha, lakini kinachokuumiza zaidi ni kujihisi kana kwamba unamwombea mzee kifo kila unapojiona uko safarini. Nimemuuguza mama yangu aliyepatwa na kiharusi, hapa Morogoro, kwa muda mrefu, na hisia hiyo naijua, kwa hiyo nitaanza nayo.

Ichunguze ndoto yenyewe uone baba yako yuko wapi ndani yake. Katika ndoto zangu mama alikuwa hai, amelala vizuri kitandani mwake, ila aliyekuwa akimgeuza kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulalia alikuwa mdogo wangu. Nilichokuwa nakitamani ni zamu, si msiba. Nilipoliona hilo, sikujilaumu tena, na nadhani hata wewe ukiangalia vizuri utaona hivyo hivyo.

Hata hivyo, sitakuambia kwamba kila ndoto ya safari inamfaa mtu aliyekwama. Mwanzoni nilikuwa nikishinda kwenye simu nikiangalia picha za Dubai na Istanbul, na nilikuwa nikiiweka simu chini nikiwa na kinyongo, hasa pale mtu niliyesoma naye alipokuwa ndiye aliyepiga picha hizo. Nafuu ilikuja nilipochagua njia moja tu na kuanza kuisoma kituo kwa kituo, kama mtu anayeondoka kesho.

Njia hiyo ni mzunguko. Ningepanda treni ya reli ya kati hapa Morogoro hadi Kigoma, kwenye njia ambayo Wajerumani waliifikisha ziwani mwaka 1914, kisha ningeshuka na meli ya Liemba kuelekea kusini mwa Ziwa Tanganyika hadi Mpulungu nchini Zambia, nipande basi mpaka Kasama, na kutoka Kasama nirudi kwa treni ya TAZARA, ambayo reli yake ina urefu wa kilomita 1,860 kutoka Kapiri Mposhi hadi Dar es Salaam. Kuna usiku nilibishana na nafsi yangu kwa saa nzima kama nishukie Ifakara na kupanda basi la kuja nyumbani, au niendelee hadi Dar ili nisikose wanyama wanaoonekana dirishani treni inapokatiza hifadhini. Ubishi wa namna hiyo unapumzisha, kwa sababu una jibu, wakati maswali mengine ya anayeuguza mara nyingi hayana.

Liemba nayo ilinishughulisha sana. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kuletwa ndani ya masanduku, ikaunganishwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka uliofuata Wajerumani wenyewe wakaizamisha ili isiangukie mikononi mwa adui, baadaye Waingereza wakaiibua, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina hilo tunalolijua. Wakati naiota ilikuwa imesimama kwa matengenezo, kwa hiyo hata meli yangu ilikuwa imekwama nyumbani.

Siku moja, nikiwa namnywesha mama uji, nilimwambia kwamba meli ikifika Kirando, alikozaliwa, ningeshuka gatini na kuwasalimia ndugu zake. Wakati huo maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida. Akatikisa kichwa, akasema, “Mitumbwi,” kisha akaunyanyua mkono wake wa kushoto, ule ulio mzima, akaonyesha jinsi mitumbwi ilivyokuwa ikikimbilia ubavuni mwa meli huko huko majini, watu wakishuka na kupanda na vikapu vya dagaa na kuku waliofungwa miguu. Mwanawe nilikuwa nimeisoma safari nzima bila kujua kwamba meli ilikuwa ikisimama mbali na nchi kavu. Tangu hapo tukawa tunaipanga pamoja. Alikuwa akizitaja bandari moja moja, Karema, Kabwe, Kirando, Kipili, Kasanga, na kwa maoni yangu majina hayo yalimfanyia ulimi kazi kubwa kuliko orodha ya maneno tuliyopewa kwa ajili ya mazoezi. Kwa hiyo mjaribu baba yako. Muulize alikowahi kufika ujanani, na kama hajawahi kutoka, muulize alikotaka kufika.

Kuhusu Alinacha, mkumbushe kaka yako kwamba yule bwana hakuponzwa na kuota utajiri, aliponzwa na teke alilolirusha kwenye bidhaa zake za vioo kabla utajiri haujafika. Kwa upande wetu teke ni kulipia safari yenye tarehe, au kumtangazia kila mtu kwamba mwezi fulani utaondoka, kwa sababu mgonjwa hafuati kalenda na fedha ya tiketi hairudi kirahisi. Pasi ya kusafiria ni jambo tofauti: hudumu miaka 10, hivyo ukipata nafasi ya kuishughulikia sasa, ishughulikie. Kibubu pia hakina madhara, mradi uwe tayari kukivunja dawa zikiisha.

Mimi mzunguko wangu bado sijaufanya. Mdogo wangu alipokuja kunipokea kwa siku chache, nilipanda treni mpya ya mwendokasi hadi Dodoma, nikalala kwa shangazi, nikala bila kuinuka kumhudumia mtu, nikarudi. Hiyo ndiyo ningekushauri uanze nayo. Na kwa kuwa kaka yako ana muda wa kuzihukumu ndoto zako, mwombe akushikie zamu Ijumaa hadi Jumapili, na umwandikie kwenye karatasi saa za dawa na saa za kumgeuza mzee.