Ulizia kwanza njia ya maji

Wadogo zangu mnaosoma jiolojia, mmekuwa mkiniuliza vipi mlifahamu somo la magma, yaani mwamba ulioyeyuka, inayojipenyeza kwenye mashapo (matabaka ya mchanga na tope yaliyotuama) na kupandisha presha ya maji yaliyomo. Ushauri wangu: msianze na fomula. Nendeni mikokoni bahari ikipwa.

Mimi nilianza na fomula. Mwaka wa pili chuoni tuliulizwa kwa nini magma hupandisha presha hiyo, nikajaza kurasa mbili nikieleza joto tu: maji yakipata moto hutanuka, yakitanuka presha hupanda. Mwalimu alinikata alama nyingi, akaandika pembeni, "Yatokee wapi?" Sikumfahamu.

Nilikuja kufahamu likizoni kwetu Wete, nikimfuata mama mdogo aliyekuwa akiokota chaza. Nilikatisha topeni, nikazama hadi magotini. Akaniita, "Pita mchangani, mwanangu, tope limeshika maji." Mchanga nao ulikuwa umelowa, lakini ulinibeba, kwa kuwa maji yake yaliondoka pale nilipokanyaga. Ya topeni hayakuwa na pa kwenda, uzito wangu wote ukayaangukia yenyewe.

Chini ya ardhi ni hivyo hivyo. Magma ikiingia kwenye mawe ya mchanga, maji ya moto hupenya yakaenda zake. Ikiingia kwenye udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, joto huja upesi kuliko maji yanavyoweza kutoka. Tena mabaki ya mimea na viumbe yaliyomo huokwa yakatoa gesi ya methani, nayo inasukuma pia. Shikeni hesabu hii: kwenye kina cha kilomita 2, maji yenye njia wazi huwa na presha ya megapaskali (kipimo cha presha) 20 hivi, uzito wa miamba iliyo juu ni kama 45. Presha ya maji ikiukaribia uzito huo, mwamba unapasuka. Chini ya bahari ya Norway yamepatikana mamia ya mabomba ya asili yaliyofumuka namna hiyo, yapata miaka milioni 55 iliyopita. Karoo, Afrika Kusini, magma ya miaka milioni 183 iliyopita ilifanya kama hayo, na mabomba yake yanaonekana juu ya ardhi hadi leo.

Kilichonichukua muda mrefu zaidi ni kwamba jibu la swali la mwalimu wangu hubadilika. Magma ikipoa huwa jiwe, husinyaa, ikapata nyufa. Huko Karoo wenye mashamba huchimba visima kandokando ya kuta za jiwe hilo, maana maji hupita humo. Basi mkipewa swali kama langu, lijibuni mara mbili: magma ikiwa bado ina moto, na ilipokwisha kupoa.