Kuiga sauti ya mtu kwa kompyuta: anza na vipande viwili

Wanafunzi wanaonijia wakitaka kutengeneza modeli ya nyuzi sauti (mikunjo miwili ya tishu kooni inayotikisika na kutoa sauti) karibu wote huja na mpango uleule: koromeo zima la pande tatu, tishu imegawanywa vijipande maelfu, hewa imekokotolewa mpaka vizunguko vyake vidogo. Huwa nawaambia waliweke hilo kando kwanza. Laptopu itachemka usiku kucha, na asubuhi utakuwa na picha nzuri ya kitu usichoweza kueleza kwa nini kinatikisika.

Anza na modeli ya watafiti Ishizaka na Flanagan, ya mwaka 1972. Kila uzi sauti umefanywa vipande viwili, cha chini na cha juu, kila kimoja na springi yake, na springi ya tatu inaviunganisha. Cha chini kina gramu 0.125, cha juu 0.025. Springi ya chini ina ugumu wa nyutoni 80 kwa mita, ya juu 8. Kabla ya kuandika programu shika kalamu: gawanya ugumu wa springi ya chini kwa tungamo yake (geuza gramu ziwe kilo!), tafuta kipeuo cha pili, kisha gawanya kwa 2π. Utapata kama hezi 127 (mitikisiko 127 kwa sekunde), palepale inapokaa sauti ya mwanamume anayeongea kawaida. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuiamini.

Kwa nini viwili? Wengi huridhika na kanuni ya Bernoulli: hewa ikienda kasi shinikizo linashuka, nyuzi zinavutana. Si uongo, ila haitoshi. Nguvu ikiwa ileile nyuzi zinapofunguka na zinapofunga, nishati inayoingia nusu moja ya mzunguko inatoka nusu ya pili, na msuguano wa tishu unauzima mtikisiko. Sasa tazama vipande viwili: cha chini hutangulia, cha juu hufuata. Wakati wa kufunguka, njia ya hewa ni pana chini na nyembamba juu, hivyo shinikizo katikati linabaki kubwa na kuzisukuma nyuzi kando. Wakati wa kufunga, chini kumeshabana na juu bado kuko wazi, shinikizo linashuka, nyuzi zinarudi bila kupingwa sana. Tofauti hiyo ndiyo inayolisha sauti. Kwa hiyo grafu yako ya kwanza isiwe ya sauti. Chora mwendo wa kipande cha chini na cha juu pamoja. Mstari wa juu usipochelewa nyuma ya ule wa chini, kuna kosa kwenye programu, hata kama kuna mlio.

Kwa hesabu zenyewe, Runge-Kutta ya daraja la nne, njia ya kukokotoa mwendo hatua kwa hatua, inatosha. Punguza hatua ya muda kwa nusu uone kama hezi zinabadilika. Zikibadilika, hatua yako bado ni kubwa.

Ukishapata mtikisiko kwa shinikizo la mapafu la paskali 800, literemshe polepole uone mtikisiko unazimika wapi. Koo la mtu mwenye afya huanza kutoa sauti kwenye paskali 200 hadi 400 hivi, na sauti ikishawaka huendelea hata shinikizo likishuka chini kidogo ya pale ilipoanzia.

Lakini muda wako mwingi uuweke kwenye nyuzi zisizolingana. Steinecke na Herzel, mwaka 1995, waliirahisisha modeli hii na kuacha upande wa kushoto utofautiane na wa kulia, kama kwa mgonjwa aliyepooza uzi mmoja. Legeza upande mmoja kidogo: pande zote mbili bado zinakwenda pamoja. Zidisha: mizunguko inaanza kupishana, sauti inakwaruza, na pengine mpangilio unapotea kabisa. Modeli ndogo kiasi hiki inakuonyesha ukwaruzaji unakotoka.

Ukitaka kuisikiliza, usishangae ikivuma kama nyuki. Hiyo ni hewa ya glota tupu, yaani ya uwazi kati ya nyuzi sauti. Ongeza bomba la sentimita 17, lililofungwa upande wa nyuzi na wazi upande wa midomo, lenye mivumo (masafa ambayo bomba huyakuza) karibu na hezi 500, 1500 na 2500. Hapo sasa unaweza kumwita mtu asikilize.